Mji Usio na Baraza: Nani Ataulizwa?

 



Wengi wetu tuliomo chuoni hapa hatukuzaliwa mjini, na wala si watu wa kijijini hasa. Tumezaliwa senta. Senta yetu sisi iko kando ya barabara ya Tirinyi, ile inayotoka Iganga kuja Mbale ikikatiza mabonde ya mpunga. Ina soko, mashine za kukoboa mpunga, msikiti, makanisa, shule, stendi ya bodaboda, na nyumba za kupangisha ambazo huongezeka kila nikirudi likizo. Kitu ambacho haina ni baraza la mji. Hakuna meya, hakuna karani wa mji, hakuna mtu ambaye kazi yake ni kuamka asubuhi na kujiuliza maji ya mvua ya senta hii yatapita wapi.

Nataka tutafakari pamoja maswali mawili. La kwanza: mahali pasipo na mwenye mamlaka, wajibu wa kupaangalia ni wa nani? La pili, ambalo kwangu ni zito zaidi: wale wanaojitolea kuubeba wajibu huo, wanapata wapi haki ya kumwamulia jirani yao? Siandiki kama mwalimu. Naandika kwa sababu niliwahi kulikosea hili swali la pili kwa kalamu yangu mwenyewe.

Kwanza tuelewe hali ilivyo. Mfumo wa serikali za mitaa wa Uganda ulianzia kwenye Mabaraza ya Mapambano, RC, yaliyoenea nchi nzima baada ya 1986. Katiba ya 1995 ikayageuza kuwa LC, na Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 ikapanga nani ana mamlaka gani. Chini ya sheria hiyo, wilaya, jiji, manispaa, baraza la mji na gombolola (ngazi inayokaribiana na kata ya Tanzania) ni serikali kamili: zinapanga bajeti, zinakusanya ushuru, zinatunga sheria ndogo. Muluka na kijiji si serikali, ni vitengo vya utawala tu. Ili senta itangazwe kuwa mji, inatakiwa iwe na watu zaidi ya 25,000 na iweze kugharimia huduma zake yenyewe. Yetu haijafika huko.

Kwa hiyo tuko chini ya gombolola. Madiwani wake ni watu wema, lakini wengi wamechaguliwa na wakulima wa vijiji vya mbali, na maswali yao ni visima na barabara za kupitisha mazao. Maswali ya senta ni mengine: vyoo vya shimo vilivyobanana, moshi wa mashine, njia inayozibwa na kibanda kipya, maji ya mvua. Isitoshe, senta yenyewe imegawanyika katika vijiji vitatu, kila kimoja na mwenyekiti wake wa LC1. Maji ya mvua hayajui mipaka ya LC1. Yanatoka kijiji cha juu, yanapita sokoni katika kijiji cha pili, yanaishia katika nyumba za kijiji cha tatu.

Kwenye karatasi, hakuna shida. Sheria ya Mipango ya Ardhi na Makazi ya 2010 ilitangaza nchi nzima kuwa eneo la kupangwa, na ikaweka kamati za mipango hadi ngazi za chini. Hakuna shubiri ya Uganda isiyohusika. Lakini kila mmoja wetu anajua jinsi senta zinavyokua: nyumba hutangulia, ramani hufuata, na mara nyingi haifuati kabisa.

Hata LC1 zenyewe zilipitia kipindi kigumu. Baada ya uchaguzi wa 2001 hakukuwa na uchaguzi mwingine wa vijiji hadi Julai 2018, wananchi walipopanga foleni nyuma ya wagombea wao. Miaka 17. Katikati yake, mwaka 2007, Mahakama ya Katiba iliamua kwamba mabaraza hayo yaliyochaguliwa kabla ya vyama vingi hayakuwa halali katika mfumo mpya. Rika langu tumesoma msingi mpaka sekondari tukiandikiwa barua na wenyeviti ambao hatukuwahi kuwaona wakichaguliwa. Tusishangae basi vijana wengi wakidhani kwamba uongozi wa mtaa ni muhuri tu: unauendea ukitaka kitambulisho, unaugongewa, unalipa, unaondoka.

Katika hali hiyo, watu wa senta hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema: hiyo ni kazi ya serikali, tusubiri. Kundi la pili husema: serikali haiji, tufanye wenyewe. Mimi nilikuwa kundi la pili, na bado nimo. Ila sasa nimo kwa adabu.

Mwaka juzi mvua za mwezi wa nne zilinikuta nyumbani. Soko lilijaa maji mara mbili kwa wiki moja. Wafanyabiashara walipoteza magunia ya mpunga, na vyoo vya nyuma ya soko vikafurika. Baada ya swala ya isha tukakaa kwenye baraza ya msikiti, wanaume ishirini na kitu: wenye maduka, wenye mashine, wenye nyumba za kupangisha. Mzee mmoja akaniambia, "Shehe mdogo, wewe unasoma chuo, kamata kalamu." Nikaandika. Ikaamuliwa uchimbwe mtaro kutoka sokoni hadi bondeni, kila mwenye nyumba atoe shilingi 20,000 au siku moja ya jembe. Mtaro upite nyuma ya vibanda, ukate kiwanja cha jaja mmoja anayeuza chapati na chai, ndipo ushuke. Mwisho wa muhtasari nikaandika kwa fahari: "Wakazi wote wamekubaliana."

Jumamosi ile tulichimba tangu alfajiri. Sijawahi kuona senta yetu ikishirikiana vile. Migomba sita ya jaja ilikatwa, na mdomo wa mtaro ukaishia juu kidogo ya muhogo wake, maana ilipofika alasiri watu walikuwa wamechoka. Mvua iliyofuata soko lilikuwa kavu. Watu walinisifu. Muhogo wa jaja ulioza ardhini.

Alikwenda kwa mwenyekiti wa LC1 kulalamika, akasomewa muhtasari wangu. Kisha akaja nyumbani kwetu. Ni mjane, ni Mkristo, na mama yangu humheshimu kama mama yake. Alikaa mkekani, akakubali chai, akaniuliza bila hasira: "Mwanangu, nimesomewa kwamba wote tumekubali. Mimi nilikuwa wapi siku hiyo?"

Sikuwa na jibu.

Niliporudi chuoni niliingia maktaba nikitafuta jibu, na ukweli ni kwamba nilitafuta kwanza jibu la kunitetea. Sehemu ya utetezi niliipata. Sote tunajua fardhi kifaya: wajibu ulio juu ya jamii nzima, wakiutekeleza baadhi unawaondokea wengine, usipotekelezwa na yeyote dhambi inawaenea wote. Tunaitaja zaidi kwenye mazishi. Lakini Imam Al-Mawardi, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafii ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, aliyefariki Baghdad mwaka 1058, ameipeleka hadi kwenye mambo ya mji. Katika kitabu chake cha hukumu za utawala, mlango wa hisba, anazungumzia mji ambao maji yake yameharibika, ukuta wake umebomoka au misikiti yake imechakaa. Kama Baitulmali ina mali, gharama ni ya Baitulmali. Kama haina, wajibu unawaangukia wenye uwezo katika wakazi wote, bila kubandikwa mtu mmoja maalumu. Wakiamka kuukarabati, hawahitaji hata kumwomba ruhusa muhtasib, yaani msimamizi wa masoko na mambo ya umma.

Ndugu zangu, hilo ni jibu la swali la kwanza. Aliyesema "tusubiri serikali" hana pa kujificha. Kukosekana kwa baraza hakuondoi wajibu, kunausogeza tu kutoka ofisini hadi mlangoni kwako. Siku ya kuulizwa, hatutaweza kusema kwamba senta yetu haikufikisha watu 25,000.

Lakini Al-Mawardi hakuishia hapo, na hapo ndipo utetezi wangu ulipovunjika. Anatenganisha kujenga na kubomoa. Kurudishia kilichoharibika ni jambo jepesi. Kubomoa kitu ambacho manufaa yake ni ya mji mzima, hata kwa nia ya kukijenga upya, si halali kwa kikundi cha watu mpaka mwenye mamlaka ya juu aruhusu. Na michango inapohitajika, kila mtu aombwe kile kilicho chepesi kwake na ambacho nafsi yake imeridhia, mali au kazi ya mikono, bila kulazimishwa. Nikajiuliza: ikiwa watu hawaruhusiwi kubomoa kwa kujiamulia hata kilicho chao wote, itakuwaje kwa migomba ya mtu mmoja ambaye hakuitwa?

Nikakumbuka pia kile tulichosomeshwa tangu madrasa bila kukitilia maanani. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina, mahali palipokusudiwa msikiti palikuwa uwanja wa kuanikia tende wa mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Walitaka kuutoa bure. Yeye hakukubali ila kwa kuununua. Fikirini: msikiti wa Mtume, kwa ajili ya umma mzima, na wenye kiwanja ni watoto wasio na baba. Kama kuna siku ambayo maslahi ya wengi yangeweza kusingiziwa ili kumpita mnyonge, ni siku ile.

Na vitabu vya historia vimepokea kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alipotaka kuupanua msikiti huo huo, Abbas, ami yake Mtume, alikataa kuiuza nyumba yake. Khalifa hakuibomoa. Walikwenda wote wawili kwa Ubayy bin Ka'b awaamue, naye akampa haki Abbas. Haki yake ilipothibiti, Abbas akaitoa nyumba kwa hiari kwa ajili ya Waislamu.

Najua pingamizi litakalokuja, kwa sababu nililisikia sokoni: "Tukisubiri kila mtu aridhike, hakuna mtaro utakaochimbwa, na watoto watakufa kwa kipindupindu." Hili si pingamizi dogo. Sheria yetu yenyewe ina kanuni kwamba madhara ya mtu mmoja huvumiliwa ili kuzuia madhara ya watu wote. Imo katika Majalla, mkusanyiko wa sheria ambao dola ya Uthmaniya ilianza kuutoa mwaka 1869, kifungu cha 26. Mfanyabiashara mmoja alinitajia kanuni hiyo kwa maneno yake mwenyewe, ingawa hajawahi kuisoma.

Nakubali kanuni. Nakataa tulivyoitumia. Kwanza, katika Majalla hiyo hiyo, kifungu kilicho juu yake, cha 25, kinasema madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Tukiyatoa maji sokoni na kuyamwaga kwenye muhogo wa mjane, hatujaondoa madhara, tumeyahamisha kutoka kwa wenye sauti kwenda kwa asiye na sauti. Pili, kifungu cha 33 kinasema dharura haibatilishi haki ya mwingine. Mwenye njaa akila chakula cha mtu ili asife, bado ana deni. Kwa hiyo hata kama kweli mtaro haukuwa na njia nyingine, migomba ilikuwa na bei, na bei hiyo ilikuwa juu ya soko zima.

Tatu, na hili ndilo kubwa: ni nani aliyeamua kwamba madhara yetu ndiyo ya "watu wote"? Sisi ishirini na kitu pale barazani tulikuwa wenye mali wa soko. Hapakuwa na mwanamke hata mmoja, ingawa wauzaji wengi wa sokoni ni wanawake. Hapakuwa na mpangaji, ingawa wapangaji ndio wanaolala karibu na vyoo vile. Hapakuwa na Mkristo, kwa sababu tulikaa msikitini baada ya isha, saa na mahali ambapo jirani asiye Mwislamu hawezi kuja. Hatukumfukuza mtu. Tulichagua tu mahali ambapo hawatakuwapo, kisha tukawahesabu.

Qur'ani, katika sura iliyopewa jina la Shura, inawasifu waumini kwamba jambo lao huendeshwa kwa kushauriana. Nimeisikia aya hiyo ikihubiriwa mara nyingi kana kwamba shura ni wazee kukaa na kukubaliana. Lakini jambo "lao" ni la nani? Mtaro ulikuwa jambo la jaja kuliko la mtu yeyote aliyekaa pale. Na tusisahau kwamba mkataba wa kwanza wa Madina uliwaweka Waislamu na makabila ya Kiyahudi katika wajibu mmoja wa kuulinda mji. Ujirani una haki zake hata pale imani zinapotofautiana.

Hapa kuna jambo ambalo lilinifedhehesha nilipolisoma. Sheria ya 1997 inasema baraza la kijiji si mwenyekiti, na si kamati yake ya watu kumi. Baraza la kijiji ni kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Kila mmoja, mwenye nyumba na mpangaji, mwanamume na mwanamke. Tunasema senta yetu haina baraza, kumbe yana matatu, na jaja yumo katika moja. Linalokosekana ni sisi kukaa.

Kwa hiyo jibu langu la swali la pili ni hili. Wanaojitolea hawapati haki ya kuamua kwa sababu ya kujitolea kwao, wala kwa elimu yao, wala kwa ukubwa wa michango yao. Wanaipata pale tu ambapo yule atakayeumizwa na uamuzi ameitwa, amesikilizwa, na akilazimika kuumia kwa ajili ya wengi, amelipwa. Bila hayo, hata wema wetu ni dhuluma iliyovaa kanzu nyeupe.

Hii haina maana kwamba kila mtu ana nguvu ya kuzuia kila kitu. Kusikilizwa si kutii. Mtu anaweza kusikilizwa, akalipwa haki yake, na mtaro ukapita. Lakini mara nyingi mtu akisikilizwa mapema, mtaro hupata njia nyingine.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Likizo iliyofuata tuliwaomba wenyeviti wote watatu waitishe mkutano mmoja, Jumamosi alasiri, chini ya mwembe wa shule ya msingi. Nilisoma muhtasari wa kwanza mbele ya watu, nikasema wazi kwamba neno "wote" halikuwa kweli na mwandishi wake ni mimi. Ulimi ulikuwa mzito. Jaja alisimama akatuonyesha kwamba miaka ya nyuma, kabla ya vibanda, maji yalikuwa yakipita upande wa pili wa shule, na ile njia ya zamani bado ipo imejaa taka. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa akiijua. Mdomo wa mtaro ukageuzwa, migomba ikalipwa kwa mchango, na nakala ya makubaliano ikapelekwa gombolola ili kamati yake ya mipango iione. Majibu hayajarudi. Mtaro bado huziba, na kila mwezi hubishaniwa zamu ya kuuzibua. Si hadithi ya ushindi. Ila sasa anayebisha anabisha akiwa ndani.

Ndugu msomaji, wewe utarudi senta yako likizo ijayo, na kwa sababu unasoma chuo utapewa kalamu. Iogope. Kabla hujaandika kwamba watu wamekubali, hesabu nani hayupo. Uliza mkutano unafanyika wapi na saa ngapi, na nani hawezi kufika hapo. Andika mapato na matumizi mahali ambapo muuza nyanya anaweza kuyasoma, maana shilingi 20,000 ya mchango ni amana kama amana nyingine. Pale ambapo jambo linagusa mji mzima, peleka habari gombolola hata kama hutarajii jibu, ili kesho isisemwe kwamba mlijificha. Na usikae nyumbani ukisubiri mji wako utangazwe ndipo uanze kuupenda.

Tunamwomba Allah atujaalie tuwe wenye kutekeleza amana, atulinde na dhuluma, iliyo wazi na ile tunayoifanya tukidhani ni wema, na atusamehe kila tulipoandika "wote" na wote hawakuwapo. Amin.